Wachumba Wawili, Krismasi Moja: Namna ya Kuisuka Hadithi

Hadithi nyepesi ya mapenzi ya Krismasi yenye wachumba wawili huharibikia mahali pamoja karibu kila mara: ikikaribia mwisho, mmoja anageuka mtu mbaya. Ana mke Mbeya, au anadaiwa na nusu ya Kariakoo. Mwandishi anapumua, maana mhusika wake hana tena haja ya kuchagua. Lakini msomaji alikuja kuona mtu akichagua, na hapo ndipo anapojiona amepunjwa.

Kwa hiyo naishika kanuni moja: atakayeachwa awe mwanamume ambaye msomaji angemkubalia dada yake.

Tuchukue mfano wa Uchagani, maana Desemba Wachaga hupanda nyumbani kutoka kila pembe na hadithi inajipatia watu yenyewe. Frida, muuguzi Dodoma, anafika Marangu tarehe 18, na tiketi ya kurudi ameshaikata: asubuhi ya tarehe 26. Siku tisa. Zipe sura kumi za maneno kama 1,200 kila moja. Kila siku sura yake, na mkesha wa Krismasi upate mbili. Tiketi ile ndiyo saa ya ukutani. Usipoitaja mapema, uamuzi wake unaweza kungoja hata Pasaka, na msomaji naye atangoja kesho kuendelea.

Wachumba wote wawili waingie kabla sura ya pili haijaisha. Mmoja akichelewa hadi ya tano, msomaji ameshampenda wa kwanza na huyo mgeni anaonekana mvamizi. Piga mistari daftarini: kila mmoja apate matukio manne akiwa peke yake na Frida, kisha mawili ya wote watatu. Usiwatenganishe kwa mjini na kijijini. Njia hiyo imekanyagwa mno, mshindi anajulikana ukurasa wa tatu. Watenganishe kwa namna wanavyompenda. Deo, mwalimu, ni mkarimu na mwepesi wa kutenda, nyumba nzima inacheka akiingia. Elia, fundi wa sola, huuliza kwanza.

Sasa mgogoro. Kosa kubwa hapa ni kutoelewana ambako simu ya dakika mbili ingekumaliza, kisha mwandishi anaizima simu kwa chaji. Weka jambo ambalo simu haiwezi kulitatua. Frida ameomba uhamisho wa kuja Moshi lakini hajaamua kama atauchukua. Amemwambia Deo kwa siri. Deo, kwa furaha, anamnong'oneza shangazi. Jioni hiyo shangazi anahesabu viti vya harusi. Deo hakukusudia ubaya, ila ameamua kwa niaba ya mtu mwingine, na hilo ndilo litakalompima.

Kichekesho nacho kizae tatizo, kisiwe pambo. Kila mchumba analeta mbuzi wa sikukuu bila kujua la mwenzake, wanafungwa mgomba mmoja. Kwenye sura ya pili ulishaonyesha masale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani la ukoo, jani ambalo Mchaga hulishika anapoomba msamaha. Deo analichuma, anakuja nalo taratibu, na mbuzi wa Elia analila. Anabaki mikono mitupu, hivyo inambidi aombe radhi kwa mdomo wake. Mwache aombe vizuri. Msomaji akimpenda zaidi hapo, umefaulu.

Tukio linalobeba uchaguzi liwe dogo, na liwe la mikono. Mkesha, jikoni, Frida ameletewa beseni la ndizi mshare za mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Utomvu wa ndizi mbichi hunata vidoleni, hukauka na kuacha weusi ambao sabuni peke yake haiutoi, na kesho kuna ibada. Elia anamsogezea kopo la mafuta.

"Paka kwanza."

"Nani kakwambia ndizo zangu kumenya?"

"Hakuna. Unataka nimenye mimi, au tumenye wote?"

Liandike taratibu, maneno 400 hivi: mafuta yakiteleza, kisu kikipasua ganda kwa urefu, mfupa ukichemka kwenye sufuria. Usimruhusu Frida ajieleze moyoni kwamba sasa ameelewa. Aseme tu, "Tumenye wote." Pale unapojisikia kuongeza aya ya kufafanua, ifute; swali la Elia limeshamaliza kazi.

Barua ya posa na mshenga viache nje ya hadithi. Vinataka wazee, vikao na miezi, na wepesi wote utazama humo.

Asubuhi ya tarehe 26 mpe Deo nafasi ya mwisho, wala usimwoze binamu wa Frida ili kumfuta machozi. Afike stendi, ampakie mkungu wa ndizi kwenye buti la basi. Asiguse habari za mapenzi. Aseme, "Usiufunge kwenye nailoni, utaoza," halafu basi liondoke.