Chipu za maabara za bei nafuu: kuunda ni ruksa, kutoa majibu ya mgonjwa kuna utaratibu wake

Wanafunzi, wahadhiri na vijana wa karakana za ubunifu wamekuwa wakituuliza sana sisi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kuhusu vipimo vidogo wanavyovibuni wenyewe, yaani chipu: vipande vya karatasi au plastiki vyenye mifereji myembamba, ambamo tone la damu, mkojo au maji husafiri hadi likutane na kitendanishi, yaani kemikali inayotoa jibu. Kazi hiyo tunaipenda na tunataka iendelee. Ila malalamiko nayo yameongezeka, na mengi yanatokana na dhana kwamba kitu kilichotengenezwa kwa shilingi mia chache hakihusiki na sheria ya vifaa tiba. Kinahusika. Sheria haiulizi kifaa kimegharimu kiasi gani. Inauliza kimekusudiwa kufanya kazi gani.

Ufundi wenyewe hauna siri tena. Kwa miaka mingi mifereji hii ilitengenezwa kwa kumimina silikoni juu ya kalibu (umbo la kutolea nakala) iliyochorwa kwa mwanga ndani ya chumba kisicho na vumbi, na gharama ya chumba hicho ndiyo iliyokuwa ikivifungia nje vyuo vingi. Mwaka 2007 kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard lilionyesha kwamba karatasi ya kuchujia inatosha, mradi kuta za mfereji zisipitishe maji. Miaka miwili baadaye kuta hizo zikawa zinachapwa kwa printa ya nta, kisha karatasi inapashwa moto wa nyuzi 150 kwa dakika 2 hivi ili nta izame hadi upande wa pili. Katikati ya hapo, mwaka 2008, Michelle Khine na wenzake huko California walichapa michoro kwa printa ya leza juu ya shiti za plastiki za kuchezea watoto, zile zinazosinyaa zikitiwa kwenye oveni. Shiti iliposinyaa, wino ulijikusanya na kuinuka, wakapata kalibu. Hapa kwetu, fundi wa mabango mwenye mashine ya kukata stika anaweza kukukatia mfereji wa milimita moja kwenye gundi ya pande mbili, ukaubana katikati ya shiti mbili za plastiki angavu, na chipu ikawa tayari jioni hiyohiyo.

Sasa matatizo tunayoyaona sampuli zikifika mezani.

Kwenye karatasi, nta ikiyeyuka haizami chini tu, inatambaa na pembeni. Mfereji uliouchora kwa upana wa milimita moja utatoka mwembamba zaidi, na ukiuchora mwembamba mno utazibika kabisa. Ni lazima upime upana baada ya kupasha moto, si kwenye kompyuta. Kwenye akriliki (plastiki ngumu angavu) iliyokatwa kwa leza, kingo hubaki na mkazo usioonekana kwa macho. Ukizisafisha kwa spiriti zinapasuka nyufa nyembamba kama unywele, na sampuli inavujia humo. Dawa yake ni kuipasha akriliki moto wa nyuzi 80 hivi kwa saa kadhaa na kuiacha ipoe polepole kabla ya spiriti kuigusa. Na naomba hili lieleweke vizuri: stika za vinaili zikatwe kwa kisu cha mashine, kamwe si kwa leza. Vinaili ni PVC, na ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, inayochoma mapafu ya mwendeshaji na kuila mashine yenyewe kwa kutu.

Kisha kuna unyevu. Kingamwili, yaani protini inayonasa kile kinachopimwa, iliyokaushwa juu ya karatasi katika maabara yenye kiyoyozi haina uhakika wa kuishi kwenye kabati la zahanati ya Tanga au Mtwara. Tarehe ya kuisha muda haikadiriwi kwa kutazama bidhaa ya mwingine. Inathibitishwa kwa kuhifadhi vipimo vyako mwenyewe, ndani ya pakiti yako mwenyewe, katika joto unaloliandika kwenye lebo, na kuvijaribu tena kwa vipindi.

Kuhusu taratibu. Mfano unaoujaribu kwa maji ya rangi au sampuli bandia hauhitaji usajili wowote kwetu. Ukitaka kutumia damu au mkojo wa watu kwa utafiti, kwanza unahitaji kibali cha maadili kupitia chuo chako au Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na majibu ya kifaa chako yasitumike kuamua tiba ya mshiriki yeyote. Mshiriki apimwe kwa kipimo kilichosajiliwa, chako kiende sambamba nacho. Ukitaka kuuza, kugawa bure au kuweka kituoni, hapo unaingia kwenye Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, na maombi yanaletwa kwetu TMDA. Kugawa bure nako kumo. Hili tumelieleza mara nyingi na bado tunaandikiwa kwamba "hatuuzi, tunasaidia jamii".

Kifaa hupangwa katika daraja A (hatari ndogo) hadi D (hatari kubwa) kwa kuangalia madhara ya jibu lisilo sahihi. Faili la maombi lionyeshe kusudio la matumizi, michoro, malighafi na zinakotoka, kumbukumbu za kila toleo la uzalishaji, matokeo ya majaribio, lebo na maelekezo ya mtumiaji. Kukosekana kwa kumbukumbu za matoleo kunachelewesha maombi kuliko jambo lingine lolote. Hataza kutoka Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) inalinda ubunifu wako, na ufadhili wa Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) unagharamia utafiti wako. Hakuna kati ya hivyo kinachokuruhusu kumpima mgonjwa. Kifaa kisichosajiliwa kikikutwa kinatumika kinaweza kuzuiliwa, kuondolewa sokoni na kuharibiwa kwa gharama za mwenyewe, na mhusika anaweza kufikishwa mahakamani, ambako adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Maelezo haya ni ya jumla na hayachukui nafasi ya sheria na kanuni zenyewe.

Tunasisitiza hivi kwa sababu ya mgonjwa. Kwa vipimo vya haraka vya malaria, Shirika la Afya Duniani lilitaka vigundue angalau asilimia 75 ya sampuli zenye vimelea 200 kwa kila maikrolita, majibu ya uongo ya kuwa na malaria yawe chini ya asilimia 10, na vinavyogoma kutoa jibu viwe chini ya asilimia 5. Mtoto mwenye malaria akiambiwa hana, anarudishwa nyumbani bila dawa, na bei ndogo ya karatasi haimsaidii kitu. Anayeanza ningemshauri aanze na maji. Floraidi kwenye visima vya Arusha na Manyara ni tatizo la kweli, kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kipimo cha maji si kifaa tiba.

Kwa wanaofikiria uzalishaji mkubwa, watazame Rwanda. Mwaka 2011 kundi la Samuel Sia wa Chuo Kikuu cha Columbia lilichapisha matokeo ya chipu ya VVU na kaswende iliyojaribiwa huko, ikitumia tone dogo sana la damu. Chipu ile ilikuwa ya plastiki iliyoyeyushwa na kushindiliwa kwenye kalibu, na hapo ndipo unafuu wake ulipotoka: kalibu ni ghali, kila kipande kinachofuata ni rahisi. Kwa hiyo njooni kuuliza kabla kalibu haijachongwa. Mchoro kwenye karatasi unabadilishwa asubuhi moja, lakini mfereji ukishachongwa kwenye chuma, kuurekebisha ni kulipia chuma kingine, na majaribio yote yaliyofanywa kwa mfereji wa zamani yanarudiwa.