Seftriaksoni Haiui Kila Bakteria Anayeingia Kwenye Damu

Mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo akianza kutetemeka, homa ikapanda na pumzi zikawa za haraka, jamaa wengi hapa Mombasa hutaka jambo moja: apigwe sindano. Sindano yenyewe mara nyingi huwa seftriaksoni, antibiotiki ya kuua bakteria. Ni dawa nzuri, inatibu mengi. Lakini yupo bakteria anayeitwa enterokokasi, na huyo seftriaksoni peke yake haimuui. Si kwamba ameizoea dawa, ndivyo alivyo tangu asili.

Enterokokasi huishi matumboni mwetu bila kutudhuru. Matata huanza akipenya hadi kwenye damu, kupitia mpira wa mkojo, mpira wa mshipani wa kusafishia damu, au baada ya upasuaji wa tumbo. Wazee, wagonjwa wa figo na sukari, na waliolazwa muda mrefu ndio huathirika zaidi.

Kwa hivyo daktari akiagiza damu ioteshwe maabara, yaani iwekwe chupani ili bakteria waliomo waote na kutambuliwa, tafadhali msikatae. Nesi akijaza chupa mbili, manung'uniko huanza: "Damu yote hiyo ya nini, na mgonjwa mwenyewe hana damu?" Kwa mtu mzima kila chupa huhitaji mililita 8 hadi 10, kwa kuwa bakteria hao huwa wachache mno ndani ya damu, na ukichota kidogo unaweza usimpate hata mmoja. Ngozi nayo husuguliwa kwa dawa na kuachwa ikauke kwanza, la sivyo wadudu wa ngozini wataingia chupani na majibu yatapotosha. Damu hiyo hutolewa kabla ya antibiotiki ya kwanza. Hapa ndipo ninapoumia: mgonjwa aliyekwisha kupigwa sindano za kemisti siku mbili tatu anaweza kuotesha damu siku 5 nzima, chupa zisioneshe kitu, naye bado anaungua kwa homa.

Jibu likipatikana, tiba hufuata aina ya bakteria. Enterococcus faecalis wengi hufa kwa ampisilini, dawa ya zamani. Enterococcus faecium mara nyingi huishinda, ndipo hutumika vankomaisini ya dripu. Wapo walio sugu hata kwa hiyo. Waligunduliwa Ulaya miaka ya 1980, na Shirika la Afya Duniani liliwaorodhesha miongoni mwa bakteria wa kutiliwa maanani mwaka 2017, na tena 2024. Kwao hubaki dawa chache, kama linezolidi na daptomaisini.

Mpira ulioleta maradhi huondolewa au kubadilishwa, na dawa mara nyingi huendelea siku 7 hadi 14. Bakteria wakiota kwenye vali za moyo, tiba hufika wiki 6. La kushangaza ni kwamba hapo seftriaksoni hurudi, ikiambatana na ampisilini, kwani zikiwa pamoja hufanya kazi ambayo seftriaksoni haiwezi peke yake.

Nanyi mnaouguza, angalieni mfuko wa mkojo. Mgonjwa akigeuzwa, mara nyingi mfuko huwekwa juu ya kitanda na mkojo hurudi kibofuni. Ukae chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu, na mnawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuushika. Kila siku muulizeni nesi kama mpira bado unahitajika.