MS, tezi ya shingo na lupasi: je, ugonjwa mmoja huita mwingine?

Swali: Habari daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 29, tunakaa Tabata. Ameambiwa ana maltipo sklerosisi, ile MS. Mama ana matatizo ya thairoidi na shangazi ana lupasi. Ndiyo kusema ukoo wetu una ugonjwa mmoja unaozunguka?

Jibu: Si ugonjwa mmoja, dada, lakini yana undugu. Kwenye magonjwa haya kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, inamgeukia mwenye mwili. Kwenye MS inashambulia mielini, yaani ganda la nyuzi za neva za ubongo, uti wa mgongo na macho. Kwa mama imeelekea kwenye tezi iliyo mbele ya shingo. Lupasi ndiyo haichagui: ngozi, viungo, figo, kote inafika. Na kwa kuwa watu wakisikia “ugonjwa wa kinga” mawazo yanakimbilia UKIMWI, niseme wazi: MS haiambukizi.

Kinachorithiwa ni wepesi wa kuugua, si ugonjwa wenyewe. Hata mapacha wa kufanana, mmoja akipata MS, mwenzake ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 4. Tena urithi wenyewe una vituko vyake: jeni inayojulikana zaidi kwa kuongeza hatari ya MS, HLA-DRB1*15:01, huambatana na hatari ndogo ya kisukari aina ya kwanza. Mazingira nayo yamo. Utafiti wa wanajeshi wa Marekani uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr, hatari ya MS ilipanda mara 32. Lakini karibu watu wazima wote duniani wameshavipata virusi hivyo, na wengi hawaugui MS.

Swali: Sasa naye atapata thairoidi au lupasi?

Jibu: Wengi wenye MS hawapati ugonjwa wa pili wa aina hii. Yanayojitokeza zaidi kwao ni thairoidi, soriasisi ya ngozi, uvimbe wa ndani ya jicho, na magonjwa ya utumbo kama ugonjwa wa Crohn. Lupasi na baridi yabisi hazijaonyesha uhusiano wa wazi na MS.

Swali: Daktari mwingine alitaka kuhakikisha kama kweli ni MS. Si tunapotezewa muda?

Jibu: Hapana, na mimi ningemshukuru. Upo ugonjwa unaofanana sana na MS, neuromailaitisi optika, kwa kifupi NMO. Nao hupofusha macho na kulegeza miguu kwa mashambulizi, na kwa watu wenye asili ya Afrika huonekana zaidi kuliko kwa Wazungu. Huo ndio hasa unaopenda kuandamana na lupasi, ugonjwa wa Sjögren (unaokausha macho na mdomo) na mayasthenia gravisi (unaolegeza misuli). Wagonjwa wengi wa NMO wana kwenye damu kingamwili, yaani askari wa kinga, dhidi ya akwaporini-4, protini inayopitisha maji kwenye seli; ilitambuliwa mwaka 2004. Kipimo cha kingamwili hiyo ni muhimu kwa sababu baadhi ya dawa za MS, kama interferoni beta na fingolimodi, zinaweza kuuzidisha NMO. Ulizeni kama kimefanyika, na kama hapana, sampuli inaweza kupelekwa wapi.

Kabla ya hapo, kwa mgonjwa wa Dar es Salaam mwenye miguu iliyokufa ganzi, huanza kuondolewa yaliyo karibu zaidi: VVU, kaswende, TB ya uti wa mgongo, kichocho, upungufu wa vitamini B12. MRI, ile picha ya ubongo na uti wa mgongo, pekee haimalizi mjadala.

Swali: Amechoka muda wote, na joto la Februari linammaliza. Ni MS hiyo?

Jibu: Inaweza kuwa. Mwili ukipata joto, dalili za MS huzidi kwa muda kisha hutulia ukipoa. Ila tezi ikizidisha kazi mtu hashindani na joto, na ikilegea anachoka na kunenepa. Mama yenu ana thairoidi, kwa hiyo kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoonyesha kazi ya tezi hiyo, kifanyike. Binafsi naona ni kosa kubwa kuisingizia MS kila kitu, maana thairoidi ina tiba nzuri.

Swali: Dawa za ugonjwa mmoja zinaweza kuharibu mwingine?

Jibu: Ndiyo. Dawa za kuzuia TNF (kemikali ya mwili inayochochea uvimbe), mfano infliksimabu na adalimumabu, zinazotumika kwa baridi yabisi na Crohn, zinaweza kuchochea MS. Alemtuzumabu, dawa ya MS, huleta ugonjwa wa thairoidi kwa takriban theluthi moja ya wanaoitumia. Nyingine huhudumia pande zote mbili: rituksimabu hutumika kwa baridi yabisi, na mwaka 2023 WHO iliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya MS. Daktari wa neva na wa viungo waone karatasi moja yenye dawa zote.

Swali: Na vidonge vya “kuongeza kinga” vinavyouzwa Kariakoo?

Jibu: Kinga yake haijapungua, imepotea njia. Hakuna ushahidi kwamba vidonge hivyo vinaponya MS, na baadhi ya mitishamba inayochochea kinga huenda ikamdhuru au kugongana na dawa zake. Kama ameshanunua, aende kliniki na kopo lenyewe.