Je, wajua? Chuma laini kinarudisha risasi kuliko chuma kigumu

Ukiwaza haraka haraka kuhusu yale mabamba ya chuma ya kufanyia mazoezi ya shabaha, utasema bamba gumu ndo litaidundisha risasi imrudie aliyepiga, na chuma laini kitaimeza tu ibaki humo humo. Hata mi nilikuwa naamini hivyo. Kumbe ni kinyume.

Chukua kijiko, nenda kwenye sinki, fungulia maji yapige mgongo wa kijiko. Yanatawanyika pembeni, hamna shida. Sasa kigeuze maji yapige upande wenye shimo, umelowa mpaka kifuani! Maji ni yale yale na kijiko ni kile kile, kilichobadilika ni umbo la pale yanapogonga.

Risasi nayo ndo hivyo. Kwa Kiswahili risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki na pia ni jina la ile metali laini nzito, na siyo ajali, manake risasi nyingi ndani zimejaa metali hiyo hiyo. Ikigonga bamba gumu lililo sawa, kwa mwendo wa mamia ya mita kwa sekunde, haipati muda wa kudunda, inapasuka vipande na vipande vinateleza kufuata uso wa bamba vikatokea pembeni, karibu digrii 20 hivi kutoka kwenye uso wenyewe. Ukitaka kuamini angalia ile nguzo ya mbao inayoshika shabaha ya chuma, sehemu iliyo usawa wa bamba utaikuta imeliwa kama ilipitishwa msumeno.

Chuma laini sasa. Kinabonyea, kinabaki na kishimo kama kibakuli, halafu risasi inayofuata ikiingia humo vipande vinafuata ukingo wa shimo na kugeuka kurudi ulikosimama. Ndo kijiko kile.

Kwa hiyo shabaha nzuri zinatengenezwa kwa chuma kinaitwa AR500, ugumu wake ni karibu 500 kwa kipimo cha Brinell (jamaa Msweden aliyekitoa mwaka 1900, unakandamiza kigololi kigumu kwenye chuma halafu unapima alama iliyobaki), wakati chuma cha kawaida cha kuchomelea mageti kiko kwenye 120 hivi. Ila hata AR500 ukiikata kwa moto wa gesi bila akili, kingo zinalainika, ugumu uliolipia unakuwa umeuchoma mwenyewe.

Umbali nao una sababu. Bastola watu wengi wanaanzia mita 10, na mashindano ya IPSC (shirikisho la kimataifa la mchezo wa kupiga shabaha) yanakataza kupiga chuma ukiwa chini ya mita 7. Bunduki ndefu ni kama mita 100, siyo tu kwa kuogopa vipande, ni kwamba ukisogea karibu risasi inafika na kasi kubwa mno, inachimba hata chuma kigumu, na ukishachimba ushatengeneza kibakuli. Risasi zenye chuma ndani usizipige hapo kabisa. Na vile vigololi vya chuma vya bunduki za upepo watu wanavidharau kwa sababu viko slo, wakati vyenyewe havipasuki, vinadunda vizima vizima.

Bamba lenyewe linaning'inizwa likiwa limeinamia mbele kidogo ili vipande viende chini ardhini. Miwani ya kinga wavae wote, hata aliyekuja kupiga stori tu, tena yule aliyesimama ubavuni karibu na bamba ndo anakula vipande kuliko mpigaji.

Kabla ya kuanza, silaha zote zikiwa tupu na zimewekwa chini, mi huwa naenda kupitisha kidole kwenye uso wa bamba. Madoa ya kijivu hayana neno. Nikikuta shimo linaloshika ncha ya kidole silipigi hilo, hata mwenyewe aapie kwamba bado zima.