Kwa nini roki ya sinthesaiza hukuinua

Vijana wanaokuja kurekodi kwangu hapa Sakina, Arusha, huniletea nyimbo za roki mbadala zilizojaa sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe, na kuniambia kuwa wanataka furaha ya namna hiyo. Wengi hudhani kwamba furaha hiyo inatokana na mwendo wa kasi. Kwa jinsi ninavyousikia mimi muziki huu, hukufurahisha kwa kukuchelewesha.

Aliyekulia kwenye kwaya ataelewa haraka nikitumia solfa, yaani majina ya noti do, re, mi, fa, sol, la, ti. Nyimbo nyingi tulizofundishwa kanisani hutoka do, huzunguka, kisha hurudi do kama mtu anayerudi nyumbani jioni. Katika roki ya sinthesaiza, ubeti mara nyingi huegemea fa, hupita sol na la, halafu huirudia fa bila kutua do hata mara moja, na sikio hubaki kama mguu ulionyanyuliwa ambao haujapata ngazi ya kukanyaga.

Wakati huohuo kinanda chenyewe kimefichwa. Sinthesaiza ina chujio linalokata masafa ya juu, yaani sauti nyembamba kali, na likifungwa, muziki husikika kama redio ya jirani inayolia nyuma ya ukuta. Ukizungusha kitufe chake polepole kwa mapigo 32, ambayo kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika ni sekunde 16 kamili, ukuta ule huondoka bila noti hata moja kuongezwa. Hapo ngoma huingia, besi hushuka do kwa mara ya kwanza, na kiitikio huanza.

Upana wa sauti nao una siri yake. Sinthesaiza ya Roland Juno-60 ya mwaka 1982 hupiga noti sita tu kwa pamoja, kila noti ikiwa na chanzo kimoja cha wimbi. Kinachoinenepesha ni saketi ya korasi, ambayo huirudia sauti ileile ikiwa imechelewa kidogo na kuyumba, mithili ya soprano watano wanaoimba noti moja bila kulingana kabisa. (Kwenye spika ya simu utamu huo wote hupotea.)

Hivi karibuni bendi moja ya Moshi iliniletea wimbo ambao kila kitu kilikuwa wazi tangu sekunde ya kwanza. Nilifunga chujio, nikaiondoa besi kwenye ubeti mzima. Mpiga besi alinuna, naye alikuwa na haki ya kununa, kwa hiyo nikamruhusu noti mbili mwishoni mwa ubeti, achague mwenyewe, ila asiguse do.