Radiolojia ya uingiliaji si tiba ya mionzi

Mgonjwa akisafirishwa nje kwa matibabu, hapa Lubumbashi habari zinarudi kabla yake: "Wamemfanyia radiolojia ya uingiliaji, wanamchoma kansa kwa mionzi." Wiki hii nimeyasikia tena, safari hii kwa wanafunzi wa udaktari.

Radiolojia ya uingiliaji ni kutibu kupitia tundu la sindano, munganga akiongozwa na picha: ekografi (picha ya mawimbi ya sauti), skana, au radio (eksirei) inayoonyesha ndani ya mwili papo hapo. Basi.

Linaloniudhi ni hilo la mionzi. Katika radioterapi, yaani tiba ya mionzi, mionzi ndiyo dawa yenyewe. Inapimwa, inaelekezwa kwenye uvimbe, inaua seli. Katika radiolojia ya uingiliaji, kwa kawaida mionzi inamulika tu. Anayetibu ni mkono na kile unachopitisha: waya, mrija, puto, chembe za kuziba mshipa unaovuja damu. Na mara nyingine hata hiyo mionzi haipo. Aliyetolewa usaha wa ini kwa sindano chini ya ekografi hakupata mionzi hata kidogo, ila ametibiwa na fani hiihii.

Njia yenyewe ilitoka kwa Seldinger, Mswidi, mwaka 1953: unachoma mshipa, unapitisha waya ndani ya sindano, unaichomoa sindano, unatelezesha mrija juu ya waya. Ilikuwa ya kupigia picha mishipa tu. Tarehe 16 Januari 1964, Portland, Marekani, Charles Dotter akaitumia kupanua mshipa wa paja uliosinyaa wa mama wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Mguu ukabaki. Dotter alikuwa radiolojisti, si mpasuaji, na wapasuaji wengi hawakumwelewa kwa muda mrefu.

Jina la fani lilikuja 1967, kwa radiolojisti Alexander Margulis, naye hapohapo alidai mafunzo ya pekee: ufundi wa mikono, pamoja na kumhudumia mgonjwa kabla na baada ya kazi. Hapo ndipo asistanti wetu wa radiolojia (munganga anayesomea ubingwa) anapobadilishiwa maisha. Amezoea chumba chenye giza na ripoti. Sasa anatakiwa kujua mgonjwa anameza dawa gani za kuzuia damu kuganda, kuzungumza na familia, kupita wodini kesho yake asubuhi. Anaanza na sindano za ekografi, kuchukua kipande cha nyama, kutoa usaha, ndipo aguse mishipa. Kuziba mishipa ya mfuko wa uzazi wa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hakujifunzwi kwa kutazama skrini. Chuo cha Muhimbili, Dar es Salaam, walianzisha shahada ya fani hii mwaka 2019, na mtu huisomea akiwa tayari bingwa wa radiolojia.

Kwa hiyo jirani akisema mgonjwa wake anapelekwa "kwenye mionzi", muulize taratibu: anakwenda kupigwa mionzi, au kupitishiwa mrija? Maandalizi ni tofauti, na munganga wa kumtafuta naye ni mwingine.