Pumu kali na sindano mpya: yanayosemwa vijiweni na yalivyo kweli

"Kuna sindano inaponya pumu, Ulaya wanachoma mara moja tu." Maneno haya yanazunguka WhatsApp kutoka Masasi hadi Kilwa, na yana ukweli kidogo uliotiwa chumvi nyingi. Sindano zipo. Omalizumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2003, baadaye zikaja mepolizumabu, benralizumabu, dupilumabu na, mwishoni mwa 2021, tezepelumabu. Ni kingamwili zinazotengenezwa maabara, na kila moja huzuia hatua fulani katika msururu unaofanya njia za hewa zivimbe. Ila hakuna inayochomwa mara moja ikaisha. Ni kila baada ya wiki mbili, nne au nane, kutegemea dawa.

"Mbona zahanati tunachomwa siku zote?"

Hiyo ni nyingine kabisa. Anayefikishwa usiku amebanwa huchomwa haidrokotisoni au aminofilini ili avuke hatari ya saa ile. Hizi sindano mpya, ziitwazo dawa za kibayolojia, hazimwokoi aliyebanwa sasa hivi. Zinapunguza mashambulizi ya miezi inayokuja.

"Pumu ikitulia, umepona"

Hapa ndipo penye makosa mengi. Madaktari husema pumu kali imetulia pale mgonjwa anapotimiza mambo kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida kwa miezi 12: hajabanwa kiasi cha kuhitaji vidonge vya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe), hana dalili za kumsumbua, na kipimo cha kupuliza kinaonyesha mapafu hayajarudi nyuma. Kati ya wanaotumia sindano hizi, wanaofika hapo ni wachache kuliko wasiofika. Vigezo hutofautiana, lakini tafiti nyingi huwaweka kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu.

Waliobaki si kwamba dawa imewakataa. Wengi hubanwa mara chache zaidi na kupunguza vidonge. Mtu aliyekuwa akilazwa mara tatu kwa mwaka akilazwa mara moja, mimi sioni sababu ya kusema ameshindwa. Anayeidharau nafuu hiyo hajawahi kukesha ameketi kitandani akitafuta pumzi.

Na utulivu wenyewe ni wa dawa ikiwa inaendelea. Waliotumia mepolizumabu kwa miaka mitatu au zaidi walipogawanywa, nusu wakaendelea na nusu wakaachishwa, walioachishwa walirudi kubanwa mapema zaidi. Wapo waliokaa vizuri bila sindano, ila huwezi kujua kwa kujitazama kwenye kioo kama wewe ni mmoja wao. Uwezekano wa kutulia ni mkubwa zaidi kwa ambaye ugonjwa haujakaa naye miaka mingi, mapafu hayajachakaa, uzito si mkubwa na hajafikia kumeza predinisoloni, kidonge cha steroidi, kila siku.

"Nikianza sindano, pampu natupa"

Usitupe. Pampu ya steroidi huendelea, na daktari ndiye hupunguza dozi mambo yakitengemaa. Predinisoloni ya muda mrefu ndiyo ya kuogopa zaidi kuikatisha ghafla: mwili uliozoea kuletewa steroidi huwa umeacha kujitengenezea homoni yake ya aina hiyo, na mtu anaweza kuanguka. Hupunguzwa polepole.

"Nabanwa kila wiki, basi yangu ni pumu kali"

Pengine, lakini mara nyingi sivyo. Pumu kali ni ile inayogoma hata mgonjwa akitumia vizuri pampu ya steroidi ya dozi kubwa pamoja na dawa nyingine. Hao ni takriban asilimia 3 hadi 10 ya wenye pumu. Wengine wengi wanaishi na pampu ya buluu peke yake, ambayo hufungua njia ya hewa bila kutuliza uvimbe. Mwongozo wa kimataifa wa pumu uliacha kuipendekeza itumike peke yake tangu 2019. Kabla ya kuota dawa ambayo Marekani bei yake hupita dola 30,000 kwa mwaka, nenda hospitali ya Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi) ukaulize kuhusu pampu ya steroidi, yaani beklometasoni au budesonidi, na mwombe muuguzi akutazame unavyovuta. Wengi huipulizia ulimi.

"Sindano itanikinga na salfa"

Msimu wa kupulizia mikorosho, vumbi la salfa huchokoza njia za hewa lenyewe, na sindano hailizuii. Vivyo hivyo moshi wa kuni na wa kubangulia korosho. Kaa mbali na mashine ya kupulizia, na kama huna budi, vaa barakoa inayobana.

"Eosinofili zimepanda, basi ni pumu ya sindano"

Chembe hizi nyeupe za damu hutumika kuchagua dawa. Ulaya zikipanda, daktari hufikiria pumu na mzio mapema. Huku kwetu lazima aulize kwanza minyoo na kichocho, kwa kuwa navyo huzipandisha. Hata vimelea vya matende na mabusha, ugonjwa tunaoujua sana kusini, kwa baadhi ya watu huleta kikohozi cha usiku na kifua kinachopiga filimbi kama cha pumu. Minyoo hutibiwa kabla ya kuanza sindano hizi, maana baadhi ya sindano hupunguza kinga ambayo mwili huitumia kupambana na minyoo. Ukipewa majibu ya damu, uliza kama choo na mkojo vimepimwa.